Bei ya kichwa cha goblini

Februari 2025 goblini alipata habari mbili ndani ya wiki moja. Tarehe 18 toleo jipya la Monster Manual, kitabu cha viumbe cha mchezo wa Dungeons & Dragons, liliingia madukani, na ndani yake goblini alikuwa amebadilishiwa ukoo. Katika toleo la 2014 alihesabiwa kundi moja na wanadamu na vibeti, kundi la wenye umbo la mtu. Sasa yumo kwenye kundi la Fei, viumbe wa ulimwengu wa kichawi wa misitu. Tarehe 25 mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft ukafungua Undermine, mji wa magoblini ulio chini ya ardhi, wenye makampuni manne yanayokamatana koo, magari ya kukimbiza na milima ya vyuma chakavu. Mashabiki wakagawanyika kama kawaida yao. Wapo waliolalama kwamba adui wa asili amelainishwa kuwaridhisha wenye roho nyepesi, na wapo walioshangilia kwamba dhuluma ya miaka 50 imefutwa. Kwa maoni yangu, wote wanasoma ukurasa usiohusika. Sura ya goblini hufuata kazi aliyopewa, na kazi hiyo imeandikwa kwenye malipo. Mchezo unapomlipa mchezaji kwa goblini aliyekufa, goblini atachorwa na kuelezwa kwa namna ambayo kifo chake hakitamkosesha mtu usingizi, awe Fei au asiwe. Malipo yakihamia mahali pengine, goblini yuleyule, na pua yake ileile, huanza kukimbia, kudanganya na kupatana bei.

Nianze na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ile ya kwamba goblini alikuwa mwovu tangu asili. Asili ipi? Mmoja wa magoblini wa kwanza kabisa kutajwa kwa maandishi yumo kwa mtawa Orderic Vitalis, aliyeandika katika karne ya 12 huko Normandia. Anasimulia pepo aliyetolewa kwenye hekalu la Diana na Mtakatifu Taurin, askofu wa Évreux. Watu wa mji walimwita Gobelinus, na walishikilia kwamba kwa baraka za mtakatifu huyo hakuweza kumdhuru mtu. Yaani huyo babu wa ukoo hakuua hata kuku. Hobgoblini wa Kiingereza, ambaye kwenye michezo ya leo ni askari mrefu mwenye deraya, zamani alikuwa pepo wa nyumbani anayefanya kazi za jikoni usiku akiridhika na wenyeji wake. Kobold wa Ujerumani aliishi kwenye nyumba na kwenye migodi. Wachimbaji walipopata mawe yaliyofanana na ya fedha, wakayayeyusha na kuambulia moshi wenye sumu ya arseniki, walisema kobold amewachezea, na jina hilo ndilo lililozaa neno kobalti. Kwa hiyo mchimbaji wa Kolwezi, akiitaja kobalti kwa Kiswahili chake cha Katanga, anamtaja pepo wa mgodini wa Wajerumani bila kujua. Kwetu kibwengo wa pwani ndiye anayemkaribia goblini kwa udogo na kero zake. Zimwi ni mkubwa mno na mlafi mno. Nitabaki na goblini, kwa sababu kumwita kibwengo kungemletea hadithi nyingine ambazo si zake.

Hata fasihi ya karne ya 19 haikumpa uovu mtupu. Magoblini wa shairi la Christina Rossetti la 1862 ni wachuuzi wa matunda, wanaouza bidhaa yenye madhara kwa maneno matamu. Wale wa George MacDonald, katika The Princess and the Goblin ya 1872, wanasemwa kuwa wazao wa watu waliokimbilia chini ya ardhi, na moja ya sababu zinazotajwa ni kodi nzito za mfalme. Miguu yao ni laini, haina vidole, na kijana mchimbaji Curdie huwashinda kwa kuwakanyaga na kuwaimbia. Kwa mtazamo huo, kumpeleka goblini kwenye ukoo wa Fei ni kumrudisha jirani na nyumba aliyotoka. Anayedai kwamba kitabu cha 2025 kimeharibu mapokeo anatetea mapokeo ya tangu 1937 tu.

Mwaka huo ndipo mambo yalipogeuka. Tolkien, katika The Hobbit, aliwachukua magoblini wa MacDonald (barua yake ya 1954 inakiri deni hilo, isipokuwa ile miguu laini, ambayo anasema hakuwahi kuiamini) akawafanya jeshi. Aliwapa pia akili ya mikono: wanachimba mahandaki vizuri kuliko wote isipokuwa vibeti hodari, na msimulizi anadokeza kwamba huenda ndio waliobuni baadhi ya mitambo ya kuua watu wengi kwa mpigo. Tolkien alikuwa amepigana Somme, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1916, kwa hiyo dokezo hilo si la mzaha. Mbegu mbili zilipandwa hapo. Ya kwanza, goblini fundi, ilikuja kuota Warcraft. Ya pili, goblini wa kundi, asiye na jina, anayekuja kwa mamia, ilipata udongo wake kwenye michezo ya vita ya mezani. Gary Gygax na wenzake walipomwingiza goblini kwenye kanuni zao za vita mwaka 1971, na kisha kwenye Dungeons & Dragons mwaka 1974, walihitaji ngazi ya maadui: mdogo kabisa chini, joka juu. Goblini akapewa nafasi karibu na sakafu. Tangu hapo kila mwandishi aliyemgusa amekuwa akijibu swali lilelile la kihasibu, mdogo huyu ana thamani gani.

Hapa ndipo hadithi inayosimuliwa kila siku, ya mchezo wa kikatili uliostaarabika polepole, inapokwama. Chukua kanuni za msingi za Dungeons & Dragons za mwaka 1981. Kwenye maandishi goblini ni wa upande wa vurugu, anawachukia vibeti, anapigana vibaya mchana. Hakuna huruma hata chembe. Sasa soma namba. Goblini mmoja aliyeshindwa alilipa pointi 5 za uzoefu, na mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya pili. Kwa maiti peke yake, hayo ni magoblini 400 kwa mtu mmoja. Lakini kila sarafu moja ya dhahabu iliyorudishwa salama ililipa pointi 1. Mfuko wa sarafu 200 ulikuwa na thamani ya magoblini 40, na mfuko haukurushii mkuki. Zaidi ya hapo, magoblini walipokutana na wachezaji, mwendesha mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui, alirusha dadu mbili kuona wachezaji wamepokelewaje, kuanzia kushambuliwa papo hapo hadi urafiki. Kisha kila kiumbe kilikuwa na namba ya ari. Ya goblini ilikuwa 7. Mwenzao wa kwanza akianguka, dadu mbili za pande sita zinarushwa, na zikizidi 7 wanakimbia au wanasalimu amri. Nusu yao wakiisha, zinarushwa tena. Uwezekano wa kuzidi 7 ni 15 kati ya 36, kwa hiyo uwezekano wa kuvuka mitihani yote miwili ni kama theluthi moja. Kwa maneno mengine, katika mapambano mawili kati ya matatu yaliyofika nusu, magoblini walikuwa wameshaacha kupigana. Maandishi yaliwaita waovu, lakini hesabu iliwaambia wachezaji waongee nao, wawahonge, wawazunguke usiku.

Sisemi zama hizo zilikuwa za dhahabu. Kijitabu cha Gygax cha 1979, The Keep on the Borderlands, kinaorodhesha majike na watoto wa magoblini ndani ya mapango, pamoja na idadi yao, bila neno moja la kumsaidia mwendesha mchezo pale wachezaji watakapofungua mlango huo. Watu wameligombania swali la watoto wale kwa miaka zaidi ya 40, na ninaona ubishi wenyewe ni ushahidi: mara kiumbe anapopewa mtoto na chumba cha kulala, ameshatoka kwenye orodha ya vikwazo.

Kufikia toleo la 2000 dhahabu haikuwa na pointi tena, na ari ilikuwa imetoweka kwenye ukurasa wa kiumbe. Toleo la 2014 liliirudisha ari kama kanuni ya hiari kwenye kitabu cha mwendesha mchezo, mahali ambapo anayeanza hafiki. Goblini wa 2014 ana pointi 7 za uhai, kinga 15 (namba ambayo anayemshambulia lazima aifikie ili kumpiga), na mshale wake huondoa wastani wa pointi 5 hivi. Ana pia uwezo wa kujificha au kujichomoa kwenye mapigano kama kitendo cha nyongeza kila zamu yake. Analipa pointi 50. Ngazi ya pili inahitaji 300. Gawanya: magoblini sita kwa kila mchezaji, 24 kwa kundi la watu wanne. Kutoka 400 hadi sita. Kanuni zinaruhusu kulipwa pia kwa kumfukuza au kumteka adui, lakini sentensi hiyo imelala ndani ya aya, wakati namba 50 imesimama wazi kwenye jedwali la takwimu zake. Mchezaji mgeni husoma namba.

Matokeo yake yanaonekana vizuri kuliko popote katika Lost Mine of Phandelver, tukio la kuanzia lililouzwa mwaka huo kwenye sanduku la wanaojifunza. Barabarani wamelala farasi wawili waliokufa, na vichakani wamejificha magoblini wanne. Piga hesabu kwa kanuni za kitabu cha mwendesha mchezo: 50 mara nne ni 200, na kwa kuwa maadui ni kati ya watatu na sita, unazidisha kwa mbili, unapata 400. Kiwango cha pambano la kuua kwa wachezaji wanne wa ngazi ya kwanza ni pointi 100 kwa kila mmoja, yaani 400 kamili. Mchawi wa ngazi hiyo ana pointi 7 au 8 za uhai. Mishale miwili inamlaza. Mwendesha mchezo akitumia ule ujanja wa kujificha kila zamu, pambano la kwanza la maisha ya wachezaji wake linaweza kuwa la mwisho, na ndivyo ilivyotokea kwenye meza nyingi. Lakini angalia magoblini wenyewe wanafanya nini humo. Watatu wakianguka, wa nne anakimbia. Na ikitokea wameshinda, jambo ambalo mwandishi analiita lisilotarajiwa licha ya hesabu niliyoonyesha, wanawapora mashujaa waliozimia, wanapora na gari lao, wanaondoka zao. Hawawamalizi! Kijitabu hichohicho kinachomwita goblini mwovu kinamwonyesha akimwachia adui yake uhai, huku mashujaa wakilipwa pointi 50 kwa kila goblini asiyeachiwa wake.

Turudi basi kwenye ukoo wa Fei. Wanaosifu badiliko hilo wana hoja yenye uzito: kundi la wenye umbo la mtu lilibeba wazo kwamba kuna jamii nzima za watu, wenye lugha na vijiji, ambazo ni halali kuuawa kwa kuzaliwa tu. Wazo hilo lina historia mbaya nje ya michezo, na kuliondoa kwenye kitabu kinachosomwa na watoto si jambo dogo. Tazama lakini kilichotokea kwenye kanuni. Uchawi wa ngazi ya kwanza wa kumfanya mtu akuone rafiki humshika mwenye umbo la mtu tu. Ule wa ngazi ya pili wa kumgandisha mtu, hivyo hivyo. Mwaka 2014 mchawi mchanga aliyekutana na goblini kwenye kichochoro alikuwa na njia ya kumwingiza kwenye mazungumzo bila damu. Mwaka 2025 njia hiyo imefungwa hadi afike ngazi ya saba na kujifunza uchawi mkubwa wa kuvuta viumbe wa kila aina. Aliyemtoa goblini kwenye kundi la watu ili asiuawe ovyo amempunguzia mchezaji wa mwanzo zana mbili za kutomwua. Pointi 50 za askari wake wa kawaida zimebaki vilevile. Orki, adui mwingine wa kale wa mchezo huu, ametendewa tofauti: amekuwa wa kuchezwa, na ukurasa wake wa adui umeondolewa kabisa. Goblini ameongezewa kurasa, za vibarua, za wapiganaji, za wachawi. Bado anahitajika pale chini.

Njia ya pili ya kumfanya afe bila mtu kuumia ni kuchekesha, na kicheko ni ganzi nzuri kuliko uovu. Kadi za Magic: The Gathering zilianza mwaka 1993 na goblini wa mana moja nyekundu (mana ni nguvu ya kichawi ya kulipia kadi) mwenye nguvu 1 na uhai 1. Mwaka uliofuata ilikuja kadi ya guruneti, ambayo unamtoa mhanga goblini wako mwenyewe ili mpinzani apoteze pointi 5, na mchoro wake unakutaka ucheke. Kadi ya Krenko, bosi wa magoblini, ya mwaka 2012 huzalisha magoblini kwa idadi ya waliopo kila inapolazwa ubavu ili kutumika: akiwa peke yake wanakuwa wawili, kisha wanne, wanane, kumi na sita. Hakuna awezaye kumlilia mmoja kati ya idadi inayojizidisha mara mbili kila zamu. Warhammer, mchezo wa vita wa vinyago mezani, nayo iliwapa magoblini wa usiku kofia ndefu, uyoga wa kulevya, na wale vichaa wa minyororo na mpira wa chuma wanaozunguka bila breki wakiwaponda adui na wenzao sawasawa, pamoja na kanuni ya ugomvi ambapo dadu ikionyesha 1 kikosi kinaanza kupigana chenyewe. Kila kanuni kati ya hizo inafundisha tabia kuliko aya kumi za maelezo. Nikipewa nafasi ya kuchagua kanuni moja iliyomchora goblini vizuri kuliko zote, nitachagua ile ya mkuu wa magoblini katika kitabu cha 2014: akishambuliwa, anabadilishana nafasi na goblini aliye karibu naye, na pigo linamwangukia yule mdogo. Uongozi wote wa ukoo umo katika sentensi hiyo moja, na mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa anaielewa.

Ubaya wa kicheko ni kwamba hakihimili safari ndefu. Pathfinder, mchezo wa mezani wa jamii ya Dungeons & Dragons, iliwaumba magoblini wake mwaka 2007: vichwa vikubwa kama maboga, wanapenda moto, wanawachukia mbwa na farasi, wanaogopa maandishi kwa kuamini yanaiba maneno kichwani. Mwaka 2011 wachezaji walipewa kijitabu cha kuwacheza kwa jioni moja na wakafurahi sana. Toleo la 2019 liliwaweka kwenye orodha kuu ya koo za wachezaji, wenye pointi 6 za uhai za kuanzia, nyongeza ya wepesi na ya mvuto, na upungufu wa busara. Vichekesho vya saa nne vikawa kampeni, yaani hadithi moja inayoendelezwa jioni baada ya jioni, ya miezi minane, na shida ikajitokeza ileile kila mahali: mchezaji mmoja anachoma nyumba ya wageni, anasema ndivyo tabia yangu ilivyo, na wenzake watatu wanatumia jioni nzima kusafisha. Tiba inayofanya kazi ni kukubaliana kabla ya kuanza kwamba tabia ya ukoo ni mazoea ya kijiji alichotoka, si amri ya damu, na kumtaka mchezaji aseme goblini wake anaogopa nini na anadaiwa na nani.

Goblini mchuuzi anahitaji tahadhari ya aina nyingine. Mfupi, pua ndefu, vidole vyembamba, dhahabu mezani: picha hiyo Ulaya ilitumika kwa karne nyingi kuwatukana Wayahudi, na wanaoiona kwenye magoblini wanaoendesha benki ya Gringotts katika vitabu vya Harry Potter hawakuota. Wanaotetea husema mwandishi hakukusudia, nami sina haja ya kubishana na nia ya mtu. Kinachonisikitisha ni kwamba ubishi wa pua ulifunika wazo zuri kuliko yote waliyowahi kupewa magoblini katika vitabu hivyo: kwao, kitu ni mali ya aliyekitengeneza, mnunuzi amekikodi tu maisha yake yote, na akifa kinapaswa kurudi. Ni sheria ya mali iliyotofautiana na ya wachawi, na inatosha kueleza uasi mzima. Mchezo wa kompyuta wa Hogwarts Legacy wa 2023, uliotokana na vitabu hivyo, ulikuwa na uasi huo mkononi, ukaishia kumpa mchezaji kundi baada ya kundi la magoblini wa kuwapiga njiani. Warcraft, yenye pua ndefu zaidi, ilifika mbali zaidi kwa sababu iliweka tabaka ndani ya kabila. Tangu 2010, goblini alipofanywa wa kuchezwa, hadithi ilianza na kiongozi Gallywix akiwatoza watu wake akiba zao zote kwa nafasi kwenye meli, kisha kutaka kuwauza utumwani. Undermine ya 2025 inamaliza deni hilo: kuna wafanyakazi, wahuni, wakubwa wa makampuni, na Gallywix ndiye adui wa mwisho kati ya wanane. Ulafi hauwi tena wa damu pale mlafi na aliyeporwa wanapokuwa na masikio yaleyale.

Japani ilitoa jaribio safi kuliko yote. Oktoba 2018 zilianza kurushwa katuni mbili, Goblin Slayer na ile ya mtu aliyezaliwa upya kuwa ute mzito wa buluu. Katika ya kwanza magoblini hawana majike, huteka wanawake, hupaka sumu kwenye visu, na wanne wasio na uzoefu wanaingia pangoni na upanga mrefu unaogonga mwamba. Ukatili wa kipindi cha kwanza ulizua kelele za haki. Lakini chanzo cha maafa hayo ndani ya hadithi ni mshahara: kazi za magoblini hutolewa na vijiji maskini, hulipa kidogo, wazoefu hawazitaki, kwa hiyo wanaotumwa ni wageni, na wageni hufa. Katika ya pili yule ute anawapa wanakijiji majina mmoja mmoja, kazi inayommaliza nguvu hadi anazimia, na wao wanainuka kuwa hobgoblini wenye serikali. Jina lina gharama, na anayelitoa ndiye anayeilipa.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba michezo inahitaji watu wa kupigwa. Watu wanne waliochoka na kazi, Ijumaa usiku, hawakuja kuendesha mahakama. Nakubali, na sidhani kila pambano libebe dhamiri. Mifupa inayotembea ipo, wafu ipo, buibui ipo, mitambo ipo. Vyote vinaanguka bila mjane. Goblini tatizo lake ni kwamba anaongea lugha ya wachezaji, imeandikwa kwenye ukurasa wake. Ukimtumia anayeongea kufanya kazi ya mfupa, lazima utumie nguvu nyingi kumnyamazisha: umfanye mwovu, au mcheshi, au wa kuchukiza. Historia yote niliyoieleza ni ya njia hizo tatu za kumziba mdomo.

Anayeendesha tukio la barabarani anaweza kulibadilisha kwa kalamu ya risasi. Punguza magoblini wawe watatu. Hesabu inashuka hadi 300, pambano gumu lisilofikia kuua. Andika pembeni ari 7 na urushe dadu wa kwanza akianguka. Tangaza mapema kwamba kupita mtego kunalipa pointi zote, kwa upinde, kwa hongo au kwa kuzunguka msituni. Kisha jiandae kwa mambo mawili yatakayoharibika. La kwanza ni mateka: kundi likiwa na goblini aliyefungwa kamba na mwendesha mchezo hana la kusema, baada ya dakika kumi mtu atapendekeza kumchinja. Mpe mateka kitu cha kuuza, njia ya nyuma ya pango, idadi ya walinzi, jina la bosi anayemchukia. La pili ni mkimbizi. Kila anayekimbia akirudi na wenzake kumi, wachezaji watajifunza ndani ya jioni moja kwamba hakuna wa kuachwa hai, na utakuwa umewafundisha wewe. Wengine wakimbie moja kwa moja wasionekane tena.

Ndani ya pango la tukio hilohilo yupo goblini mwenye jina, Yeemik, msaidizi wa bosi mkubwa anayeitwa Klarg. Amemshika mateka, anamburuta hadi ukingoni mwa jabali, na anapaza sauti akitoa masharti: muueni Klarg, mniletee kichwa chake, nitamwachia mtu wenu. Anadanganya, akishapata kichwa atadai fidia juu yake. Ana tamaa, ana kinyongo, ana mpango mbaya wenye mantiki, na anastahili saa nzima ya mabishano. Kwenye jedwali la malipo naye ni pointi 50, sawa na wale wa barabarani, na kwa kundi lililofika hapo likiwa limeshazoea bei hiyo, mshale wa kwanza huruka kabla hajamaliza sentensi.